Mrija wa Nne

Lugembe kaleta damu ndani ya chupa ya chai,
mirija mitatu juu ya barafu ya muuza samaki.
Katoka porini, ng'ambo ya Sikonge,
vumbi limempaka hadi kwenye kope.
"Ni ya Mbula," anasema,
na kwa lugha ya kwao hilo jina ni mvua.

Nabandika karatasi:
kabla ya sindano.
Siku ya saba.
Siku ya kumi na nne.
Umeme wa Tabora leo una adabu,
mashine inazunguka, inavuma, inatulia,
na damu imejigawa bila ugomvi:
wekundu chini, mzito kama tope,
juu maji ya rangi ya mafuta ya alizeti.

Mrija wa kwanza wekundu haufiki robo.
Kumi na tisa kwa mia.
Kwenye darubini wageni wa mbung'o wanapiga mkia,
wanasukumana na chembe kama walevi mlangoni.
Sukari iko chini mno. Wameilamba wao,
au damu imejila yenyewe njiani,
maana damu ikitolewa haijui kuwa imetolewa;
huendelea kula akiba yake
gizani, ndani ya chupa ya chai.

Mrija wa pili: wageni hawamo.
Wekundu umepanda hatua tano.
Lugembe anatabasamu, nami natabasamu,
kisha nasoma mstari wa ini
na tabasamu langu linakosa pa kukaa.
Kimeng'enya kimeruka mara tatu.
Urea nayo imepanda.
Mrija wa tatu ini limeshusha pumzi,
figo bado zinanung'unika.

"Ulimpa dawa kiasi gani?"
"Kifuko. Na nusu ya kingine. Ni ng'ombe mkubwa."
"Ulimpima kwa mzani gani?"
Ananionyesha macho yake, yote mawili.

"Sasa hii ni dawa," anauliza, "au ni ugonjwa?"
Ningependa kumjibu.
Ila ini hulia sauti ileile
likipigwa na mwizi, likipigwa na mlinzi.
Kitabu changu kina viwango, naam,
vya ng'ombe wa mbali, wa majani ya kupandwa,
ambao hawajawahi kutembea siku mbili
kiangazi, kufuata dimbwi la Ugalla.
Huenda Mbula ndivyo alivyo tangu utamba wake,
ini lake lina makelele ya kuzaliwa.

"Ningekuwa na damu yake ya siku ya uzima," nasema,
"ningelinganisha."
Akanitazama kama mtu aliyedaiwa deni la babu yake.
"Nani atamchoma sindano ng'ombe asiyeumwa?"

Akaondoka. Swali akaniachia mezani.
Nikamkumbuka mama, pale Kitete,
alivyofikishwa kapimwa, macho yameshakuwa manjano.
Daktari alisoma karatasi, akasoma tena.
Rangi yake ya kila siku niliijua mimi,
jinsi viganja vyake vilivyokuwa akitoka kuosha mtama,
na mimi
sikuulizwa.

Mbula alipona. Maziwa yalipungua,
yakarudi nusu, Lugembe akashukuru kwa nusu.
Nilimwandikia kipimo cha dawa kwa kalamu nene,
na namna ya kuzungusha kamba kifuani
kukadiria kilo, macho yapumzike.

Mvua za kwanza, Novemba, mlango ukagongwa.
Chupa ileile ya chai.
Ndani mrija mmoja.
"Wa Mbula?"
"Wa mtamba wake."
"Ana nini?"
"Hana kitu," akasema, na sauti yake ilikuwa na aibu kidogo,
kama mtu aliyekuja msibani na ngoma.
"Nilimkuta amelala kivulini, kashiba, nikamwita jirani amshike pembe."

Fomu ya serikali ina sanduku moja:
Ugonjwa unaoshukiwa.
Nikaishika kalamu muda mrefu.
Mashine ikaanza kuvuma.
Nikaandika:
anacheua.