Mguu wa Kushoto

Mguu wangu wa kushoto umeachishwa kazi.
Hakuna barua, hakuna kiinua mgongo.
Miaka thelathini na moja ulikanyaga klachi
kutoka La Oroya hadi bandari ya Callao,
na siku kampuni ilipoleta malori mapya
uliambiwa: kaa hapo, pumzika, usiguse kitu.

Ukagusa.
Siku ya pili tu, kituo cha ushuru cha Corcona,
ukaitafuta klachi kwa mazoea, na mazoea yana taabu,
ukakuta breki, pana kama sinia,
ukaikanyaga kwa nguvu zake zote za ujana.
Tani arobaini na nane zikagota.
Kahawa ikanirukia kifuani.
Yesenia, mwanafunzi wangu, miaka ishirini na mitatu,
akafuta kioo kwa mkono wa sweta,
akasema, "Don Abdón, huo mguu ufunge kamba."

Yeye hajawahi kupiga klachi mara mbili.
Hajui kuna gia huingia kwa kubembelezwa
na nyingine huingia kwa matusi;
kwamba ya nne, kwenye lori langu la zamani,
iliamka na kinyongo,
ukiiita kabla injini haijapata joto
inakusagia meno.
Kirungu cha gia kililika kiganjani mwangu,
namba zikafutika mwaka aliozaliwa binti yangu,
wala sikuzihitaji.
Nilikuwa nasikiliza.
Injini ikiguna, napangua.
Ikianza kuimbia puani, naongeza.
Hapo ndipo nilipojiita dereva.

Sasa kuna kitufe cha kuzungusha, kama cha jiko la gesi.
Lori linajipangia lenyewe, kimyakimya,
kama mtu anayehesabu pesa gizani
asitake ujue anazo ngapi.

Juu Ticlio, theluji ya majimaji,
kichwa kinagonga, shavu limejaa majani ya koka.
Yesenia ndiye aliyeshika usukani.
Mteremko wa Casapalca ukafunguka,
na kwenye kona, basi. Limekwama, limekingama.
Mimi, kwenye kiti cha abiria, nikafanya kazi yote:
mguu wa kushoto chini, mkono wa kulia ukashika hewa,
nikaipangua hewa kutoka ya sita hadi ya tatu.
Lori halikunisubiri.
Lilikuwa limeshapangua, breki ya injini inakoroma,
na yule binti, mikono yote miwili usukanini,
akalipitisha trela kando ya lile basi
kwa upana wa kiganja.
Hakusema neno.
Niliyekuwa nahema ni mimi.

Ningependa kusema mashine ilikosea.
Miezi saba naingoja ikosee.
Mara moja, kweli, kwenye tope la Morococha
ilibabaika kati ya gia mbili kama karani mpya,
nikacheka kwa furaha ya aibu.
Mara moja tu.

Na goti haliumi tena.
Napanda ngazi mia na kumi na mbili hadi nyumbani,
mlimani juu ya Chosica, bila kusimama.
Pale katikati nilipozoea kushika ukuta na kupumua,
muuza vitumbua vya maboga ameniambia:
"Siku hizi unapita tu. Nimekukosea nini?"

Lori la zamani limeuzwa kwa mtu wa matofali.
Sikwenda kuliaga. Nilisema nina homa.

Usiku Hermelinda anaamka, shuka limevutwa,
mguu unakanyaga.
"Uko gia ya ngapi?" anauliza gizani.
"Ya tatu. Nateremka."
Anaulaza wake juu ya wangu, mzito, una joto.
"Weka nyutro, Abdón. Tumefika."

Nanyamaza kidogo, nasikiliza.
Bado inaguna.