Hesabu za Mwaka wa Tatu

Mimi ni mhasibu. Mashairi siyawezi.
Lakini meneja wa benki, Barabara ya Kenyatta, ameuliza:
"Bidhaa yenu mnaiuza bei gani?"
Nikaandika: sifuri.
Akavua miwani.

Bidhaa ni programu ya mizani. Inapima dagaa pale Mwaloni,
inatoa unyevu, inakata ushuru,
inamtumia mwenye mtumbwi ujumbe
kabla maji hayajamkauka miguuni.
Nyamisi aliiandika miezi kumi na moja
ghorofani Makoroboi, juu ya duka la vitenge,
halafu Lushinge akaimwaga hadharani, msimbo wote,
kama anayeanika dagaa juu ya jabali:
apitaye na achote.

Nilifoka. Nikamwambia, kaka,
mali bila daftari hupotea bila habari.
Akacheka. "Daftari si unalo wewe?"

Wakachota. Kampuni moja ya Dar
ikageuza kijani kuwa bluu,
ikaibandika jina la Kizungu, ikaikodisha kwa mwezi.
Usiku ule nililala na ada ya shule kifuani.

Kisha mvua ya Novemba ikaangusha nguzo Igombe.
Umeme uliporudi, mizani kumi na mbili
zikasoma sangara kilo hasi.
Wa Dar hawakupokea simu.
Nyamisi alikwenda kwa bodaboda,
kompyuta ameifunga ndani ya mfuko wa sukari,
akarudi alfajiri ananuka shombo
na mkataba wa mwaka mzima,
umelowa pembe moja.

Nikafuta neno "mauzo".
Nikaandika "kuitika".
Kuitika: milioni thelathini na nne.
Matumizi: mafuta, vocha,
supu ya sato saa tisa usiku.

Linabaki hili.
Kuna mtu wa Musoma, kwenye orodha ni Mafuru tu,
aliyegundua kwamba tulikuwa tunampunja kila mvuvi
gramu arobaini kwa ndoo,
desimali ilikatwa mahali pabaya.
Akasahihisha mstari mmoja, akautuma, akanyamaza.
Hatujaonana. Hajaomba hata senti.
Kutoa ni moyo, wanasema, si utajiri.
Sawa. Lakini moyo
unaandikwa safu gani?

Mkaguzi anakuja Jumatatu.
Nimeacha mstari mmoja, kwa penseli:
Mafuru, Musoma. Anatudai.
Kiasi: bado.