Miaka Ishirini na Sita ya Milango

Nimegawa barua Trieste miaka ishirini na sita,
mji uliopandiana ngazi kwa ngazi juu ya bahari,
na leo, benki imegonga muhuri, mkopo umepita,
dalali Furlan ananifundisha mitaa.

Anaanza na Barcola.
Anafungua dirisha kama mtu afunguaye zawadi:
"Tazama, Bi Nives, bahari yote hii ni yako."
Natazama. Bahari ipo kweli, imetulia, imelipiwa.
Lakini jengo hili nalijua kwa masanduku yake ya barua:
kumi na mawili, saba hayana majina.
Niliwahi kubonyeza kengele hapa, barua ya rejista mkononi,
televisheni ikazimwa ghafla,
mtu akazuia pumzi nyuma ya mlango
mpaka nikashuka.
Na marehemu Bwana Sancin wa juu,
magazeti yake yalirundikana siku tisa
na watu wakayapita, wakipunguza vishindo vya viatu.
Niliyepiga simu ni mimi.
Furlan hayo hayajui. Anapima sebule kwa hatua.

Opicina, kule juu kwenye mawe:
hewa safi, mbwa wakali,
salamu zao ni kukata nyasi Jumamosi ileile.

Servola nilikozaliwa siwezi.
Mama alikuwa akianua nguo, akizikung'uta mara mbili,
vumbi la tanuru limeshaota kwenye mishono.
Tanuru limezimwa; mkono wangu bado
hukung'uta shuka safi.

Nyumba njema si mlango. Najua.
Lakini mimi maisha yamenipa milango tu,
ndani sikukaribishwa,
ikabidi nijifunze kusoma mbao.

Mwisho, San Giacomo.
Ghorofa ya nne, lifti hakuna,
dirisha la jikoni linatazamana na ukuta uliobambuka,
na Livio wangu ana goti moja tu la kuaminika.
Furlan alituonesha kwa haya,
kama mtu anayerudisha chenji ya sarafu tupu.

Hakujua habari ya Februari ile.
Bora, upepo wetu ushukao mlimani bila hodi,
ulikuwa umeshalaza pikipiki na kung'oa vigae
uliponikuta kwenye kona ya mtaa huu.
Ukaniangusha, ukafungua mkoba,
ukazisoma barua mia tatu kwa mara moja.
Nimekaa kwenye barafu, kiganja kinavuja damu,
nikaona watu wanatoka:
muuza samaki na aproni yake,
wasichana wawili wa saluni na mteja wao, kichwa kimepakwa rangi nusu,
mzee mwenye pajama akikimbiza bili ya gesi ya mtu mwingine
kana kwamba ni kuku wake katoroka.

Jioni nikahesabu. Imepungua moja.
Baada ya wiki mbili niliikuta kwenye sanduku la posta la kona,
imekaushwa, imepigwa pasi,
ncha ya pasi imeacha alama ya kahawia juu ya stempu.
Gundi ya bahasha haijaguswa.

Nilipotia sahihi Livio aliuliza, "Na bahari?"
Nikamwambia: bahari haijawahi kuniokotea kitu.

Tulihamia Oktoba. Goti linanuna tangu ghorofa ya pili.
Na jirani wa chini, Dušan, anajifunza tromboni:
wimbo mmoja, nusu yake ya kwanza,
saa moja usiku hadi saa tatu.
Hilo hakuna bahasha iliyowahi kuniambia.

Jana nilishuka kumgongea, nimekunja uso.
Akafungua mlango wote, si ufa,
"Karibu ndani," akasema, "kahawa iko motoni,"
nami, kwa mazoea,
nikabaki nje ya kizingiti, mkono umenyooka,
nikisubiri aniwekee sahihi.