Mlio wa Mguu wa Kulia

Kwi.
Ulianzia Mbagala Rangi Tatu,
kila mguu wa kulia uliposhuka,
na Likwati akadhani ni kiatu.

Nikaigonga fremu kwa kucha kama mnunuzi wa tikiti:
kaboni nzima. Ni ganda la alumini, pale kitovuni
penye gololi, limeachana na gundi yake,
linacheza kama jino la mtoto.

Jirani yangu wa kuchomelea, hapa Keko, akauliza,
"Tulipige moto?"
Moto! Kwa kitu kilichosukwa kama ukili.

Nikalitoa kwa vidole. Msasa, kisha spiriti
mpaka kitambaa kikarudi cheupe.
Nikakoroga gundi mbili kwenye kifuniko cha kopo,
nikalirudisha, nikalipima kwa uzi lisikae upande.

Nyundo niliyonyooshea Foniksi miaka yote
ikaning'inia tu msumarini.
Iliyobaki ni kungoja,
na hiyo sikufundishwa.

Likwati kapiga simu mara nne. "Bado?"
Bado. Gundi haina bosi.

Siku ya tatu, saa kumi na moja alfajiri,
alipita barabara ya Kilwa.
Nilitega sikio, mlango nusu wazi.
Sikusikia kitu.

Elfu nane bado namdai.