Mkono wa Kushoto wa Sweta

Kwanza wa kulia: vitanzi arobaini na nane,
kama nilivyowafumia watoto wa bweni la Isyonje
miaka kumi na tisa bila kupima.
Halafu wa kushoto. Sitini na mbili.
Sindano zinasita zenyewe,
zinadhani nimekosea.

Maji hufuata mkondo. Wangu ulikatwa
pamoja na tezi za kwapani, Mbeya, mwezi wa mvua,
na sasa maji yamepiga kambi kwenye kiwiko
kama wageni wa msiba wasiojua siku ya kuondoka.

Asubuhi, ukungu ungali umelalia viazi,
Subilaga ananizungushia futi ya fundi cherehani:
kiganja, kifundo, kiwiko, juu ya kiwiko.
Anaandika kwenye kalenda.
"Umepungua nusu, mama."
Nusu sentimita.
Tunapiga kelele kama timu yetu imesawazisha.

Kisha Ambakisye. Viganja vilivyoota sugu za jembe
vikafundishwa na dada wa mazoezi ya viungo:
gusa kama unafuta vumbi kwenye picha ya marehemu,
pandisha kuelekea begani, taratibu, usikamue.
Wiki ya kwanza alinisonga kama ugali.
Sasa anajua. Anaanza bendeji vidoleni,
chini ikaze, juu ilegee,
na hasemi neno mpaka amalize.

Ndoo nimeiacha. Kupalilia bila glavu nimeacha:
mkwaruzo mmoja tu, mwaka jana,
mkono ukawa mwekundu, homa siku nne.
Nesi akileta mashine ya presha natoa wa kulia
kabla hajauliza.
Pete iko shingoni, kwenye uzi wa sufu.

Mama Tupokigwe alinishika kanisani:
"Si walisema umepona?"
Nimepona, dada.
Ila kupona nako kuna kazi za nyumbani,
na hakuna likizo.

Sweta limekwisha. Kwenye kamba linachekesha,
watoto wa jirani wanasema limefumiwa watu wawili.
Labda ni kweli. Mmoja alichota maji kisimani
na mtoto mgongoni. Mwingine huyu.
Baridi ya Juni haijauliza ni yupi,
nimelivaa.

Pindo la kulia nimelifunga fundo.
La kushoto nimeliachia uzi mrefu,
nikipungua,
nikiongezeka.