Daftari la Getini

Saa kumi na moja kasoro robo, ghorofa ya saba, Mtaa wa Zanaki.
Kiyoyozi kinadondoshea matone kwenye ndoo ya rangi
(nacho kina tiketi yake, namba mia nne na tisa: *imepokelewa*).
Kwenye skrini zabuni tatu zimepanga foleni,
na juu yao mstari wa njano: *Zinasubiri idhini yako.*

Yangu. Mimi Tuponile, binti wa fundi cherehani wa Temeke,
ninayesaini siku hizi kwa kidole kimoja juu ya kipanya.

Kazi: lifti namba mbili.
Imelala tangu Jumanne ile kati ya ghorofa ya tano na ya sita,
mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyekatizwa kusema.
Daktari wa meno wa ghorofa ya tisa ananiandikia kila asubuhi:
wagonjwa wangu wanafika wamesahau jino lipi lilikuwa likiuma.

Zabuni ya kwanza, kurasa kumi na nne, nembo ya dhahabu,
milioni kumi na nane na laki sita.
"Baada ya ukaguzi wa kina," inasema, "tumebaini."

Ya pili, milioni tisa na laki nane.
Mfumo umeipaka kijani, umeivika nyota: bei ya chini kuliko zote.
Na tisa na laki nane iko chini ya kumi,
na chini ya kumi saini yangu inatosha, haipandi kwa bosi.
Aliyepanga bei hii anaujua mfumo wetu kuliko lifti yetu.
Naye pia: "Baada ya ukaguzi wa kina."

Ya tatu iliingia usiku, zimebaki dakika tatu dirisha lifungwe.
Karatasi ya mkono iliyopigwa picha kwa simu,
dole gumba la mwenyewe limeingia pembeni.
Milioni kumi na moja, laki mbili na arobaini elfu.
"Kamba ya pili nyuzi saba zimekatika. Nimehesabu.
Breki imechoka. Injini haina shida, msibadilishe."

Msibadilishe!
Miaka kumi na mmoja nasoma zabuni,
sijaona mkandarasi akikataa kuuza injini.

Mfumo una visanduku: bei, muda, leseni, namba ya mlipakodi.
Hauna kisanduku cha *alifika*.

Nikapiga simu getini. Kulwa akapanda na daftari la wageni,
akihema, jalada limeshikizwa kwa gundi ya karatasi.
Tukapitisha vidole: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa.
Mleta maji. Mtu wa bima. Mama wa vitumbua, mara nne.
Kisha: *D. Hokororo, fundi. Anakwenda: juu kabisa.
Kuingia saa mbili na robo. Kutoka saa saba.*
"Huyu aliniomba maji ya kunawa," Kulwa akasema,
"mikono nyeusi tii mpaka viwikoni."
Wale wawili, hakuna. Hata doa la kujaribia kalamu.

Ukaguzi wa kina. Labda waliota.

Nikabonyeza *Kataa*, mara mbili.
Mfumo ukataka sababu, herufi zisizozidi mia mbili.
Nikaandika: Hamkuja.
Zikabaki mia moja tisini na mbili.

Kwa Hokororo nikabonyeza *Idhinisha*.
Duara likazunguka, likazunguka,
kisha: *Imetumwa kwa mwidhinishaji wa pili.*
Mwidhinishaji wa pili yuko Dodoma kwenye semina,
simu yake inaimba kwaya mpaka inakatika.

Nikaupiga picha ule ukurasa, nikauambatisha bila neno.

Tukashuka kwa ngazi, Kulwa na daftari kwapani.
Kwenye ghorofa ya tano tukasimama.
Mle ndani kitu kilikuwa kinagonga, taratibu, chuma kwa chuma.
"Nyuzi saba, dada?"
"Saba."
"Na zilizobaki ni ngapi?"

Hilo, hata Hokororo hakuliandika.