Ree ya Nne

Kiborloni, nyuma ya duka la vipuri,
saa sita na robo usiku, mita ya LUKU inalia kama kifaranga.
Mezani kuna milioni tatu, laki saba na elfu tano,
noti zimelala ovyo juu ya kitenge,
na upande wa pili Ndekirwa anasema, taratibu,
kama anayeomba chumvi:
«Shemeji, tugawane.»

Bado karata moja.
Zimefunuliwa nne: ree ya pau
na kopa tatu zinazofuatana kama umbea,
nne, tisa, malkia.
Mkononi mwangu ree mbili, ya shupaza na ya uru.
Tatu kwa hesabu. Lakini ya nne,
ya kopa, iko wapi?
Ikiwa kwake, na kopa nyingine ubavuni, nimekwisha.
Ikiwa juu ya fungu, chini ya kidole cha Mbazi,
nitanunua bati la nyumba nzima na misumari juu.

Mchana mimi ni mwonja kahawa.
Nachota kijiko, nafyonza kwa kelele, natema.
Miaka kumi na tisa nalipwa kwa kutomeza.
Ulimi huu unalijua gunia lililonyeshewa,
unaijua buni iliyolala karibu na vitunguu,
ila uso wa Ndekirwa hauonjeki.
Anakuna sikio. Alilikuna hilohilo
aliponila elfu themanini kwa jozi ya mbili;
akalikuna tena Jumamosi alipoliwa yeye.
Pengine linamwasha tu.

Anayetaka kugawana ana nini?
Mwenye nguvu hagawi, alisema marehemu mume wangu,
na mume wangu alikufa akidaiwa na nusu ya Pasua.
Mwoga hugawa. Au mwenye huruma.
Au mjanja anayetaka nimdhanie mwoga.
Kwetu ukiletewa jani la isale hukatai,
hata kama aliyelileta ndiye aliyemuua ng'ombe wako.
Lakini isale hilohilo ndilo mpaka wa shamba:
hapa kwangu, hapo kwako, usivuke.
Sasa neno lake hili ni isale lipi?

Nakumbuka kihamba cha baba, Kibosho.
Walipima kwa kamba ya mbuzi, kaka zangu sita,
hata wa mwisho akaambulia migomba minne na choo.
Mimi nilikuwa jikoni, nawapikia wapimaji.
Aliyekunja kamba alinipitia mlangoni
akaomba maji.

Basi miaka hamsini na mbili nimeishi,
na hili neno, tugawane,
hakuna aliyewahi kuniambia mimi.
Nikalizungusha mdomoni, nikalipeleka nyuma ya meno,
kwenye shavu, chini ya ulimi.
Sikulitema.

«Haya.»

Karata zikalazwa kifudifudi. Mbazi akahesabu
kama wahesabuvyo kwao Same, mara tatu, kwa mate:
milioni moja na laki nane unusu huku,
milioni moja na laki nane unusu kule,
ikabaki elfu tano haina mwenyewe.
Hapo umeme ukakatika.
Gizani kila mtu aliukalia mkono wake.
Elfu tano ikalipia LUKU, tarakimu ishirini
zikasomwa kwa tochi ya simu,
taa ikarudi, Mbazi akainua chai yake na sahani yake,

na chini ya sahani, imeloa, imeganda kwa sukari,
ree ya kopa.
Tangu saa mbili. Tangu kabla hatujaagiza nyama.

Ndekirwa alicheka mpaka akashika ukuta.
Kisha nje, akifungua mnyororo wa pikipiki:
«Shemeji, kwani ulikuwa na nini?»
Nikamwambia, kuona kuna bei yake,
wala wewe hukulipa, wala mimi.
Nikashika njia ya sokoni, mkoba kwapani,
mdomoni ladha ya kitu nilichomeza.